Maradhi ya Ukungu katika Mboga za Nyumbani

Somo kwa wanachama na watu wa nyumbani mwao



Labda mtu atauliza: chama cha wakulima wa karafuu kina haja gani ya kuandika habari za tungule na matango? Jawabu ni nyepesi. Mkarafuu una tabia yake, na kila mmoja wetu aijua. Mwaka mmoja hubeba mpaka matawi yakainama, na mwaka wa pili au wa tatu mchumaji hupanda juu na kushuka na pishi mbili tu. Katika miaka hiyo ya uhaba, kinachonunua mafuta, sabuni na madaftari ya watoto ni lile tuta la mboga lililo nyuma ya jiko, ambalo aghalabu ni kazi ya mama wa nyumbani. Wazee wetu wa Unguja walipata funzo la kutegemea zao moja mwaka 1872, kimbunga kilipoingia mwezi wa Aprili kikaangusha mikarafuu yao. Funzo hilo halijazeeka.

Sasa, mboga hizo zina adui. Masika ikiingia, majani ya mitungule hufanya madoa, hugeuka manjano, huanguka, na matunda hubaki uchi juani. Wako wanaosema kwamba ni husuda ya jirani. Hatubishani nao, lakini husuda haianzi kwa jani la chini na kupanda juu kwa taratibu kila mwaka. Wengine hukimbilia dukani, wakanunua chupa yoyote watakayopewa, wakanyunyiza leo na kuchuma kesho. Hawa wana hatari zaidi kuliko wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza hupoteza tungule tu, na hawa hulisha watoto wao sumu.

Somo hili litaeleza ukungu ni kitu gani, namna ya kuutambua, namna ya kuuzuia, na dawa zipi zafaa na kwa masharti gani.

1. UKUNGU NI KITU GANI

Ukungu si uchafu, wala si baridi iliyoganda juu ya jani. Ni kitu kilicho hai. Mwaujua nyumbani: ndio ule uotao juu ya mkate wa jana, juu ya viatu vya ngozi vilivyowekwa kabatini wakati wa mvua, na juu ya karafuu zilizokosa jua zikarundikwa na unyevu wake. Wataalamu huuita kuvu. Tofauti yake na mmea ni kwamba hauna rangi ya kijani, na kisicho na kijani hakiwezi kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Hapana budi kile kilichopikwa na mwingine. Ukungu wa mkate hula kitu kilichokwisha kufa. Ukungu wa tungule hula jani lililo hai.

Ukungu hauna mbegu kama za mchicha. Una vumbi jembamba mno, na kila chembe ya vumbi hilo ni mfano wa mbegu. Upepo hulichukua, tone la mvua likipiga udongo hulirusha, na mkono wa mchumaji hulihamisha kutoka mche mmoja mpaka mwingine. Chembe ikitua juu ya jani kavu, kwa aina nyingi za ukungu haifanyi kitu. Ikitua juu ya jani lililorowa, na maji yakakaa hapo saa nyingi, huota, hutoa uzi, na uzi huo hupenya ndani ya jani. Siku chache baadaye twaona doa, na juu ya doa vumbi jipya lililo tayari kwa safari.

Basi shikeni neno hili, maana somo lote limejengwa juu yake: jani likikauka upesi, ukungu haupati mlango, na ukishaingia, hapana dawa ya kulifufua jani lile. Dawa nyingi za ukungu ni ngao. Ngao huvaliwa kabla ya vita.

2. NAMNA YA KUUTAMBUA

Kabla ya kutafuta dawa, tazama. Chukua jani, ligeuze, litazame juu na chini asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Haya ndiyo maradhi yanayoonekana sana.

(a) Kinyausi. Hushika miche ikiwa bado kitaluni. Shina huoza pale linapokutana na udongo, huwa jembamba kama uzi, na mche hulala chini. Leo hulala kumi, kesho kitalu kizima. Huja pale mbegu zilipobanana na udongo ulipolowa daima.

(b) Bakajani. Liko la namna mbili. Bakajani tangulia hushika majani ya chini ya mtungule kwanza. Doa lake ni la hudhurungi, na ukilitazama vizuri utaona duara ndani ya duara. Jani huwa manjano kando ya doa, kisha hukauka. Hili ndilo limpatalo sana mkulima wa pwani.

Bakajani chelewa hupenda baridi na mvua, kwa hiyo ni balaa kubwa zaidi kwa watu wa milimani, kama Lushoto, kuliko kwetu. Doa lake huonekana kama limechomwa na maji ya moto, na asubuhi ya unyevu utaona chini ya jani ukungu mweupe ukizunguka doa. Huenda mbio sana. Konde lililokuwa kijani Jumatatu laweza kuwa jeusi kabla ya Jumatatu ya pili. Maradhi haya ndiyo yaliyoangamiza mbatata za Ayalandi kuanzia mwaka 1845. Watu masikini wa nchi ile walikuwa hawana chakula kingine ila mbatata, na wapata milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Wataalamu wa leo hukiweka kiumbe kile mbali kidogo na kuvu halisi, lakini kwa mkulima kanuni yake ni ile ile: maji juu ya jani.

(c) Ubwiri unga. Huu ni kama mtu amepita akamwaga unga juu ya majani ya mtango, mmumunye au mbamia. Huu una tabia ya peke yake, nao ndio unaotutoka katika kanuni yetu. Hauhitaji jani lililorowa. Hupenda hewa yenye unyevu, kivuli, na mimea iliyosongamana, hata wakati usiokuwa wa mvua.

(d) Ubwiri vinyoya. Nao hupenda matango. Juu ya jani huonekana madoa ya manjano yenye pembe, kwa kuwa yamezuiliwa na mishipa ya jani. Na chini yake, asubuhi, vinyoya vya rangi ya kijivu.

(e) Mnyauko fuzari. Ukungu huu hukaa udongoni na huingia kwa mizizi. Mtungule hugeuka manjano, pengine upande mmoja tu, hunyauka mchana na mwishowe hufa. Ukilipasua shina karibu na mizizi utaona ndani yake mistari ya hudhurungi. Hapana dawa ya kunyunyiza majani itakayofika huko.

Tena si kila mtungule unaonyauka una ukungu. Uko mnyauko wa bakteria, nao ni mwingi katika nchi za joto. Kuutambua, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitie wima katika bilauri ya maji safi, kichwa cha mkato kikigusa maji, usikitikise. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka, hiyo ni bakteria, na dawa ya ukungu utakayonunua ni hasara tupu. Kadhalika, majani yanayojikunja juu na kudumaa, na chini yake nzi weupe wadogo, hayo ni maradhi ya virusi. Aliyeng'oa mche mmoja mapema ameokoa kumi.

3. KAZI YA KINGA

Ufuatao ndio moyo wa somo hili. Kazi zenyewe hazina gharama kubwa. Zahitaji mtu kuwa na desturi.

Kwanza, kitalu. Tengeneza tuta lililoinuka ili maji yasituame. Panda mbegu kwa mistari, mbalimbali, usizimwage kama anayelisha kuku. Tia maji asubuhi, kiasi, na uache udongo wa juu ukauke kabla ya kutia tena. Mwenye karatasi ya plastiki inayopenya mwanga aweza kulifunika tuta lililorowa kwa wiki 4 mpaka 6 katika jua la kaskazi, kabla ya kupanda. Joto litakaloingia humo huua vijidudu vingi vya udongo pasipo dawa yoyote.

Pili, nafasi. Mitungule ipandwe sentimita 50 mpaka 60 mche kwa mche, na sentimita 75 mpaka 90 mstari kwa mstari. Najua kwamba eneo la nyuma ya jiko ni dogo, na mtu huona uchoyo kuiacha ardhi tupu. Lakini miche 12 inayopata upepo huzaa kuliko 25 inayoshindana. Wala msipande mboga chini kabisa ya mkarafuu au mwembe. Umande wa huko haukauki mpaka karibu na adhuhuri, na matone ya mti huendelea kudondoka mvua ikiwa imekwisha kupita.

Tatu, kuinua mimea. Kila mtungule upewe mti wa kuegemea na ufungwe kwa kamba laini ya makumbi. Mche ukishakuwa mkubwa, ondoa majani ya chini yanayokaribia udongo. Kisha tandaza majani makavu juu ya ardhi, ili tone la mvua likipiga lisirushe tope juu ya mmea. Kumbuka kwamba bakajani huanza chini. Basi mwondolee ngazi.

Nne, maji. Hapa ndipo makosa yalipo mengi. Twarudi shamba alasiri, twachukua ndoo, twamwaga maji juu ya vichwa vya mimea mpaka majani yang'ae, na jua limekwisha kuzama. Mimea hulala na maji usiku kucha, na ukungu huamka. Maji yatiwe asubuhi, na yatiwe shinani. Kopo lililotobolewa matundu madogo chini, likafukiwa nusu kando ya mche, hufanya kazi hii vizuri sana.

Tano, usafi. Jani lenye doa likatwe mara linapoonekana, majani yakiwa makavu. Usiingie kondeni kuchuma wala kukata wakati wa umande, maana mikono na nguo zenu ndizo zitakazogawa vumbi lile. Majani ya ugonjwa yachomwe moto au yafukiwe mbali. Yasitupwe katika shimo la samadi, wala kando ya uwa. Msimu ukiisha, ng'oeni mitungule yote. Mtungule mmoja uliozeeka ukiachwa usimame ni ghala ya ukungu ya kungojea msimu ujao.

Sita, kubadilisha. Tungule, mabiringani, pilipili na mbatata ni watu wa ukoo mmoja na maradhi yao mengi ni mamoja. Kupanda biringani palipokufa tungule si kubadilisha. Pandeni hapo mchicha, kunde au mahindi, na ukoo ule usirudi mpaka miaka 3 ipite, ikiwezekana. Mwenye tuta moja tu na aligawe sehemu nne, azungushe.

Saba, mbegu. Msichukue mbegu katika tunda la mche uliougua. Mkinunua mbegu za tungule, tazameni pakiti: herufi F baada ya jina huonyesha kwamba aina ile yavumilia mnyauko fuzari. Hiyo ndiyo dawa yake iliyo bora.

4. DAWA, NA MASHARTI YAKE

Mtu akiisha kufanya hayo yote, na mvua ikawa nyingi kupita kiasi, huenda akahitaji ngao. Tuanze na iliyo ya zamani.

Mwaka 1882, katika nchi ya Ufaransa, upande wa Bordeaux, mashamba ya mizabibu yalikuwa yakipukutika majani kwa ubwiri vinyoya. Mtaalamu mmoja, jina lake Pierre-Marie-Alexis Millardet, alipita njiani akaona kwamba mizabibu iliyo kando ya barabara imebaki na majani yake. Alipouliza aliambiwa kwamba ile imenyunyizwa mrututu na chokaa ili ionekane mibaya, wapita njia wasiibe zabibu. Alifanya majaribio, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo kwa watu wote. Mpaka leo hutumika.

Nayo hutengenezwa hivi, kwa lita 10:

Chukua gramu 100 za mrututu, uzifunge katika kitambaa, uzitundike ndani ya lita 5 za maji katika ndoo ya plastiki mpaka ziyeyuke. Usitumie chombo cha bati wala chuma, maana mrututu hukila. Katika ndoo nyingine, koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa, iliyo mpya, katika lita 5 za maji, uichuje kwa kitambaa. Kisha mimina maji ya mrututu taratibu ndani ya maji ya chokaa, huku ukikoroga kwa mti. Rangi itakuwa ya buluu kama mbingu. Sasa ijaribu: chovya msumari safi unaong'aa kwa dakika moja. Ukitoka na wekundu wa shaba, chokaa ni haba, ongeza. Ukiinyunyiza bila kuongeza utaunguza majani. Tumia siku ile ile. Kwa matango, ambayo majani yake ni laini, pimeni nusu ya mrututu na nusu ya chokaa kwa maji yale yale, na mjaribu kwanza mmea mmoja.

Nyunyizeni asubuhi isiyo na upepo, juu ya jani na chini yake. Wakati wa mvua mrudie kila siku 7 mpaka 10. Mvua zikipungua, siku 14. Vaeni mipira ya mikono na mkinge macho, na mrututu wenyewe uwekwe mbali na watoto, maana ni sumu ukimezwa. Wala msifanye ada ya mwaka mzima: shaba haiozi, hubaki udongoni, na ikizidi huudhuru. Ndoo zisioshewe kisimani wala mtoni, kwa kuwa shaba huua samaki.

Kwa ubwiri unga, kiberiti upele kilichosagwa kwa kazi ya kilimo chafaa, kwa kipimo cha pakiti. Lakini kisitumiwe jua likiwa kali, kwani huchoma majani. Yako na maziwa. Mwaka 1999 mtaalamu wa Brazili, Wagner Bettiol, aliandika kwamba maziwa ya ng'ombe, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, yakinyunyizwa kila wiki juu ya mimea ya jamii ya mung'unya, yalizuia ubwiri unga kwa namna ya kuridhisha. Mwenye ng'ombe na ajaribu; asiye na ng'ombe na awape watoto maziwa yao, apunguze majani.

Dawa za dukani ni nyingi, na nyingine ni nzuri zikitumiwa kama zilivyoandikwa. Lakini yafaa tujue tunachoshika. Mancozeb, unga wa manjano ambao umetumika kwa miaka mingi duniani, Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutouongezea idhini, kwa kuhofia madhara yake katika uzazi na homoni za binadamu. Atakayetumia dawa yoyote na ashike mambo manne. Asinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au isiyo na karatasi yake. Asome idadi ya siku zinazotakiwa kupita baina ya kunyunyiza na kuchuma, na kama hajui kusoma amwulize mwanawe au Bwana Shamba. Asizidishe kipimo kwa kudhani kwamba kingi hutibu zaidi. Na asichume wala asiuze mpaka siku hizo zitimie, hata kama bei ya sokoni ni nzuri leo. Mnunuzi haoni dawa juu ya tungule. Ameiamini mikono yetu. Kumwuzia sumu mtu aliyekuamini ni dhuluma, hata kama hatajua kamwe.

5. NENO KWA MIKARAFUU

Mtu asidhani kwamba somo hili limetuhama. Maradhi ya kukauka matawi ya mkarafuu nayo huletwa na kuvu, na kuvu huyo huingia kwa majeraha. Kila tawi linalovunjwa wakati wa kuchuma ni mlango uliofunguliwa. Wachumaji wavute tawi kwa taratibu, wasilivunje; na tawi lililokauka likatwe mpaka penye mti mzima, lichomwe moto. Sheria ya jikoni na sheria ya shamba ni moja: ziba mlango kwanza.

6. KAZI YA MSIMU

Kusoma peke yake hakutoshi. Kila mwanachama aliye na mitungule twamwomba afanye jaribio hili. Chagua matuta mawili yaliyo sawa, yenye miche 6 kila moja. La kwanza litunze kama ulivyozoea. La pili litie maji asubuhi tu, shinani. Litandaze majani makavu, uondoe majani ya chini, na kila doa ulikate siku ulionapo. Kila Ijumaa hesabu majani yenye madoa katika kila tuta, uandike. Mwisho wa msimu hesabu matunda uliyochuma. Hesabu hizo zileteni mkutanoni, nasi tutazisoma mbele ya wote.

Na mtu ajipime kwa maswali haya:

1. Kwa nini maji ya jioni ni mabaya kuliko ya asubuhi?
2. Mtungule wako umenyauka. Utajuaje kama ni fuzari au bakteria?
3. Ni ukungu gani usiongoja jani lirowe?
4. Kwa nini biringani si badala ya tungule katika kuzungusha mimea?
5. Msumari umetoka na rangi ya shaba. Utafanya nini?

Asiyeweza kujibu na arudi mwanzo wa somo, au amwulize jirani aliyelisoma. Na aliyejua na amfunze asiyejua kusoma, kwani karatasi hii ni moja na nyumba ni nyingi. Mvua zikikaribia, anzeni na vitalu vyenu mapema, na Mwenyezi Mungu atujaalie mavuno yenye baraka.

Katibu wa Chama